Televisheni Iliyokuja kwa Waya

Historia ya televisheni nchini kwetu huandikwa kwa tarehe za vituo. Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, wakati majirani wengi walikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe. Bara ikasubiri hadi 1994, zilipoanza ITV, CTN na DTV jijini Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ikafuata miaka michache baadaye, na Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ikazimwa, nchi ikaanza kuhamia dijitali. Orodha hii haina kosa, ila imeandikwa na watu waliokaa karibu na mnara. Ukienda nayo Nemba, huko Biharamulo kuelekea Ngara, haitakuambia mtu wa pale alianza lini kutazama picha zinazotembea, alizitazama wapi, kwa umeme upi, na kwa sauti ya nani. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kusini-magharibi mwa Kagera televisheni haikuletwa na mawimbi ya hewani. Ililetwa na waya mfupi uliotoka kwenye deki ukaingia nyuma ya runinga, na historia yake inapaswa kugawanywa kwa aina za waya huo, kuliko kwa majina ya vituo.

Nemba ninayoisema isichanganywe na ile ya Bugesera, Rwanda, kwenye kituo cha mpaka na Burundi. Hii ni ya Tanzania, katika nchi ya Washubi, Wahangaza, Wazinza na wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia kutoka mashariki. Sensa ya 2012 ilizipa Ngara na Biharamulo watu zaidi ya 320,000 kila moja, kwa hiyo hatuzungumzii pori tupu. Lakini kwa habari za mawimbi, pale ni pabaya. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga: yakikuta kilima yamekwama. Ngara ni vilima vitupu, Biharamulo ni mapori na mabonde, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Kilichofika huku kwa uhakika zaidi ni malori. Barabara ya kutoka bandarini hupitia Kahama, hufika Nyakanazi, hupita Lusahunga na kushuka hadi daraja la Rusumo, kisha Kigali. Runinga ya mtumba, deki, mkanda wa video, betri, vyote hivyo huweza kupakiwa kwenye lori. Kwenye ramani ya utangazaji Nemba ilikuwa pembezoni kabisa, lakini kwenye ramani ya malori ilikuwa jirani ya njia kuu.

Kabla ya deki kulikuwa na mfano wa zamani ambao watu huusahau. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, kuliendeshwa mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika, fedha zake zikitoka shirika la Carnegie la Marekani, wasimamizi wakiwa Meja Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu 35 za kilimo, afya, uwekaji akiba na kadhalika, wakazizungusha kwa lori lenye projekta na jenereta yake katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mafundisho yenyewe yalikuwa ya kikoloni na mengi yalichosha. Kinachonivutia ni namna sauti ilivyopangwa. Haikuwekwa kwenye filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri zilizopigwa pembeni, ili picha moja iweze kusemewa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine ng'ambo ya mpaka. Yaani tangu mwanzo kabisa picha na sauti zilifika kwa mtazamaji wa kijijini zikiwa vitu viwili, na kulikuwa na mtu aliyesimama katikati, kazi yake kuvikutanisha. Serikali ya kikoloni iliupa kisogo mradi huo, lakini mpango wa lori, jenereta, picha huku na sauti kule ulirudi nusu karne baadaye bila kuagizwa na ofisi yoyote.

Ulirudi na mikanda. Kampuni ya JVC ya Japani ilitoa mfumo wa VHS mwaka 1976. Tanzania Bara ya wakati ule haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na hiyo ilikuwa sera: serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa kwa nchi isiyo na maji safi wala zahanati za kutosha, ikategemea Radio Tanzania. Uganda ilikuwa na televisheni tangu 1963, Kenya tangu 1962. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana fedha alizipata wapi, na katika shehena zilizoingia chini ya ruhusa hiyo runinga na deki zilikuwamo. Ndipo likazuka jambo ambalo mtu wa Ulaya angelishangaa: nchi ikawa na runinga nyingi ambazo hazikuwa na cha kupokea. Mtu alinunua televisheni akijua fika kwamba hakuna televisheni.

Angalia jinsi kazi ya kwanza ya kuunganisha ilivyofanyika, kwa sababu hapo ndipo ushahidi ulipo. Deki za awali na runinga nyingi za chogo zilikuwa na njia moja tu ya kukutana: waya wa antena. Deki ilijifanya kituo kidogo cha kurushia matangazo. Ilichukua picha na sauti ya mkanda, ikavigeuza kuwa mawimbi, ikayapitisha kwenye waya hadi tundu la antena, kwa kawaida kwenye chaneli ya 36 au jirani zake. Fundi alikaa mbele ya runinga akizungusha kitufe taratibu, chenga zikipungua, hadi picha ikasimama. Uingereza kazi hii ilikuwa na karaha yake, maana ilibidi kutafuta chaneli iliyo tupu katikati ya vituo vilivyojaa. Kituo cha Channel 5 kilipokaribia kuanza mwaka 1997, ilibidi mafundi watumwe kwenye mamilioni ya nyumba za Waingereza kuzirekebisha deki, kwa kuwa masafa ya kituo kipya yaligongana na yale ambayo deki zilitumia. Biharamulo hapakuwa na cha kugongana nacho. Chaneli zote zilikuwa tupu, na deki ilikuwa kituo pekee hewani, ingawa hewa yenyewe ilikuwa waya wa mita moja na nusu.

Hapa nitapingwa, na kwa haki. Mtu atasema deki zilienea dunia nzima katika miaka hiyohiyo, kwa hiyo Nemba haina upekee wowote. Kila mahali watu walichomeka waya nyuma ya runinga. Ni kweli walichomeka, lakini kwa kazi tofauti. Marekani na Japani deki iliuzwa kama mashine ya kurekodi. Mtu hakuwepo nyumbani saa ya kipindi, deki ikamrekodia. Ugomvi mkubwa wa kisheria kati ya Sony na kampuni ya filamu ya Universal, ulioamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1984, ulihusu jambo hilo hasa: je, ni halali mtu kurekodi kipindi cha televisheni akitazame baadaye? Swali hilo lisingeweza kuulizwa kijijini kwetu. Kitufe chekundu cha kurekodi kilikuwapo kwenye deki, lakini hapakuwa na kipindi cha kurekodi. Kule deki ilikuja kuisaidia televisheni iliyokwisha kuzoeleka kwa miaka thelathini, na huku deki ndiyo iliyokuwa televisheni yenyewe. Vituo vilipokuja baadaye, vilimkuta mtazamaji amekwisha kuumbika: amezoea kuchagua picha mwenyewe, kulipia kiingilio, kukaa na wengine, na kumtegemea mtu wa kuunganisha.

Mwaka 1994 unastahili kusimamiwa kidogo. Ndio mwaka ambao Bara ilipata vituo vyake vya kwanza. Ndio pia mwaka ambao, mwishoni mwa Aprili, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne hivi na kumiminika Ngara. Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni iliyojenga barabara, pakawa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Wapiga picha wa mashirika ya habari walikuja na kamera, jenereta na nyungo za setilaiti. Kwa majuma kadhaa Ngara ilionekana kwenye runinga za London na New York kuliko wilaya yoyote nyingine ya Tanzania. Wenyeji wa Ngara hawakuweza kujiona. Picha zao zilipanda juu kwenda setilaiti na kushukia kwa wengine. Kilichobaki baada ya wageni kuondoka kilikuwa cha ardhini: barabara zilizopitika, soko lililochangamka, na redio. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na ikaendelea kusikika muda mrefu baada ya kambi zenyewe kufungwa.

Redio hiyo inaleta pingamizi la pili, ambalo naliona zito kuliko la kwanza. Kwa nini kuhangaika na runinga za wachache, ilhali chombo cha watu wa huku kilikuwa redio? Jibu langu ni kwamba redio imo ndani ya hadithi hii hii, hata kwa maana ya kifundi. Spika ya runinga ya chogo ni ndogo, imewekwa ubavuni, imekusudiwa sebule ya watu watano. Ukiwaweka watu hamsini kwenye banda la video la miti na turubai, waliokaa nyuma hawasikii kitu. Fundi alitoa sauti kwenye deki akaipeleka kwenye redio kaseti kubwa yenye tundu la kupokelea sauti, au kwenye amplifaya iliyotumika harusini na kwenye mikutano ya injili, picha pekee ikabaki kwenye runinga. Mazoea ya kusikiliza yaliyojengwa na redio ndiyo yaliyoamua namna ya kutazama. Hadi leo ingia nyumba ya kawaida katika mji wowote wa Kanda ya Ziwa, uone sabufa ilivyopewa heshima. Mara nyingi ndiyo inayonunuliwa kwanza, runinga ikifuata, na runinga ikifika sauti yake hupelekwa kwenye sabufa siku hiyohiyo.

Mgawanyo huo wa picha na sauti ulirahisishwa na waya wa rangi tatu. Pini zake zina asili ya kale: kampuni ya RCA ya Marekani ilizibuni tangu enzi za gramafoni, ili mwenye gramafoni aweze kuiunganisha na redio yake. Baadaye zikapewa rangi. Njano hubeba picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu sauti ya kulia. Hakuna haja ya kujua kusoma, wala ya chaneli, wala ya kuzungusha kitufe. Rangi huenda kwa rangi yake. Nadhani ni miongoni mwa vifaa vya kigeni vilivyoeleweka haraka kuliko vyote vijijini, na sababu ni hiyo. Lakini waya huo ulikuwa na siri ambazo mtu alizijua kwa kazi. Runinga nyingi za mtumba zilikuwa na tundu moja tu la sauti, hivyo nyekundu iliachwa ikining'inia na nusu ya sauti ikapotea. Zilipoingia VCD, baadhi ya diski za Asia ziliwekwa lugha moja kushoto na nyingine kulia, na zile za karaoke ziliwekwa mwimbaji upande mmoja, muziki upande wa pili. Mwenye banda aliyeona filamu ya kareti inaongea Kichina hakuhitaji rimoti. Alichomoa nyeupe akachomeka nyekundu, na filamu ikabadili lugha. Runinga za kutoka Ulaya nazo zilikuja na tundu pana la Kifaransa lenye pini ishirini na moja, ambalo huku halikuwa na waya wake, ikabidi fundi akate, ahesabu pini na achomelee kwa risasi. Waya wa ardhi ukilegea, spika hutoa mngurumo usiokoma, kwa sababu mtetemo wa hezi hamsini wa umeme wa jenereta umeingia kwenye sauti. Pini ya njano ikivunjika, huchunwa waya, nyuzi zikasokotwa na kubanwa kwa kijiti cha kiberiti.

Umeme ulikuwa sehemu ya muunganisho uleule. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO, na nje ya miji hiyo gridi ilikuwa habari ya redioni tu. Betri ya gari ya volti 12 yenye ujazo wa ampea-saa 50 hubeba, kwa hesabu ya juu, wati 600 za saa moja, na fundi mwangalifu hatumii zaidi ya nusu yake, la sivyo inakufa. Runinga ya chogo ya inchi 21 hula wati 60 hadi 80, deki nayo ina zake 20. Ukiongeza hasara ya inveta, unapata saa tatu hivi: filamu mbili fupi za mapigano, au moja ya Kihindi, ambayo ni ndefu. Ndiyo maana runinga ndogo za nyeusi na nyeupe zilizokubali volti 12 moja kwa moja zilidumu muda mrefu hata baada ya za rangi kushuka bei. Kijijini rangi ilipimwa kwa muda wa betri. Na betri ilipelekwa kuchajiwa kwenye jenereta ya mtu mwingine, kwa malipo. Kwa hiyo kabla picha haijaonekana, watu watatu au wanne walikuwa wamekwisha kuchangia kazi na kila mmoja ana senti yake ndani: mwenye jenereta, mwenye betri, mkodisha mikanda, mwenye banda. Hicho ni kiwanda kizima cha utangazaji, isipokuwa hakina mnara.

Kiwanda hicho kilikuwa na watangazaji pia. Kutafsiri filamu kwa sauti juu ya picha kulishamiri Uganda, ambako VJ Jingo wa Kampala alipata jina kubwa, na Tanzania akatokea Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, ambaye sauti yake ilibandikwa kwenye filamu nyingi za Marekani, China na India kwa Kiswahili. Watu husimulia ucheshi wake na kusahau waya zake. Anayetafsiri papo kwa papo anahitaji deki ipeleke picha moja kwa moja kwenye runinga, na sauti iende kwenye mikisa. Kwenye mikisa hiyohiyo huchomekwa maiki. Mhusika akinyamaza, mtafsiri hupandisha sauti ya filamu ili bunduki zisikike. Mhusika akifungua mdomo, huishusha na kusema mwenyewe. Anayetaka kurekodi na kuuza huongeza deki ya pili: inachukua picha kutoka deki ya kwanza kwa waya wa njano, na sauti kutoka kwenye mikisa kwa nyeupe na nyekundu. Hapo, mwishowe, kitufe chekundu kikapata kazi. Hakikurekodi kipindi cha kituo fulani. Kilirekodi filamu ya Hollywood ikizungumza Kiswahili cha mitaani, ikiwa na majina ya vijiji vya kwetu na utani wa kabila kwa kabila. Ndiyo ile kazi ya santuri za Vugiri, isipokuwa safari hii aliyeshika maiki hakutumwa na serikali kumfundisha mtu kuchimba choo.

Atatokea wa kusema kwamba huo ulikuwa wizi. Kwa sheria, sehemu kubwa ulikuwa wizi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka filamu ikaguliwe na mahali pa kuonyeshea pawe na leseni; sheria ya hakimiliki ya 1999 ikaongeza adhabu. Mabanda mengi hayakutimiza lolote kati ya hayo, na filamu za Bongo za miaka ya 2000 ziliumizwa na mtindo huohuo uliozizaa, kwani aliyejua kunakili mkanda wa Schwarzenegger alijua pia kunakili wa Kanumba. Sitetei hilo. Walakini, mwandishi wa historia hana budi kutofautisha maswali mawili. Nani alikuwa na haki ya picha ni swali la mahakama. Nani aliifikisha picha Nemba ni swali jingine, na jibu lake halibadiliki kwa kuwa mhusika hakuwa na leseni. Tena tusisahau watoto waliolala bandani badala ya kusoma, na wazazi waliolalamika kwa viongozi wa vijiji. Jina la kibanda umiza, ambalo mabanda hayo yaliitwa, halikutokana na mabenchi peke yake.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: yote hayo yalikuwa matunda ya ukosefu. Kama mnara ungekuwapo, nani angehangaika na waya? Subiri miundombinu ije, atasema mpingaji, na mambo yako yote ya pini na betri yatatoweka kama umande. Basi tuitazame miundombinu ilipokuja. Mapema miaka ya 2010 vilikuja ving'amuzi: StarTimes, Ting, Digitek, na Desemba 2013 Azam TV, iliyokuja na ungo mdogo pamoja na haki ya kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Je, waya ulitoweka? King'amuzi ni sanduku la pembeni. Kinapokea ishara, kinaifungua, kisha kinatoa picha kwa njano na sauti kwa nyeupe na nyekundu, kwenye matundu yaleyale ya nyuma ya chogo yaliyoachwa na deki. Serikali ilipohamisha nchi kwenda dijitali haikumlazimu mtu kutupa runinga yake ya zamani. Ilimtaka anunue sanduku na kuliunganisha. Katika miji mikubwa, kwa wazee waliozoea antena tu, hilo lilikuwa jambo jipya na lilileta malalamiko mengi. Kwa watu wa mabanda ya Biharamulo lilikuwa kazi ya dakika tano. Walikuwa wakiifanya tangu mkanda wa kwanza ulipofika kwa lori. Nathubutu kusema kwamba ustadi wa mabanda uliigharimia serikali sehemu ya elimu ambayo yenyewe haikuipangia bajeti.

Ungo ulipowekwa, watu hawakutawanyika kwenda majumbani kama mpingaji alivyotarajia. Mpira uliwarudisha bandani. Kifurushi cha mwezi chenye Ligi Kuu ya Uingereza kilikuwa ghali kwa kaya moja, na rahisi kwa watu sabini wanaotoa kiingilio kila mechi. Mwenye banda akawa na runinga mbili kwenye king'amuzi kimoja, au ving'amuzi viwili kwa mechi mbili za saa moja, na sauti ya mechi kubwa ikienda kwenye spika. Yaani mnara na setilaiti vilikuja vikawa kifaa kimoja zaidi cha kuchomeka, kando ya deki na flashi.

Umeme nao umefika. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, gridi ikasogea hadi Nyakanazi, na mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umekuwa ukizalisha tangu 2023. Kule ambako nguzo hazijafika, sola imepunguza hesabu ya betri niliyoitaja, kwa kuwa runinga bapa ya kisasa ya inchi 24 hula theluthi tu ya iliyokuwa ikiliwa na chogo. Runinga bapa hiyo, hata hivyo, imefungua sura mpya ya kazi ileile. Matundu ya rangi tatu yameondolewa au yamebanwa kuwa kitundu kimoja chembamba, ambacho mpangilio wake wa ndani hutofautiana kati ya watengenezaji, kiasi kwamba waya wa runinga moja ukichomekwa kwenye nyingine sauti hutokea mahali pa picha. Mahali pa rangi tatu pamekaa HDMI, iliyotangazwa Desemba 2002, ambayo hubeba picha na sauti pamoja kwenye waya mmoja na kuweka kufuli ya kuzuia kunakili. Kinyume cha santuri za Vugiri, mtengenezaji anajaribu kuzifunga picha na sauti zisitengane. Fundi anazitenganisha tena: ananunua kigeuzi kidogo kinachotoa HDMI kwenda rangi tatu, anapeleka sauti kwenye sabufa, na akikuta midomo ya watangazaji inachelewa nyuma ya maneno yao, anajua ni runinga inayochukua muda kuichakata picha ilhali sauti imekwenda moja kwa moja. Hurudi akachukua sauti kwenye tundu la runinga yenyewe, tatizo likaisha.

Ukosefu basi haukuwa sababu peke yake. Kama ungekuwa, desturi hii ingekufa ulipokuja umeme, ungo na runinga bapa. Ilichokifanya ni kubadili pini. Watu wa ukanda huu waliipokea televisheni kama kitu kinachokamilishwa na wao, na wanaendelea kuikamilisha. Flashi iliyojazwa filamu zilizotafsiriwa, kadi ya memori inayohamishwa kutoka simu kwenda sabufa na kutoka sabufa kwenda runinga, ni mikanda ileile ya 1988 katika umbo dogo.

Ninaomba jambo moja kwa Makumbusho ya Taifa, kwa vyuo vyetu vya uandishi wa habari, na kwa yeyote anayepanga kuandika kitabu kingine kuhusu utangazaji nchini. Tuna kumbukumbu za kutosha za uzinduzi, hotuba na minara. Hatuna deki iliyohifadhiwa na inveta yake, hatuna mkanda uliotafsiriwa wenye lebo ya kalamu ya wino, hatuna orodha ya mabanda ya Nyakanazi, Lusahunga wala Nemba. Kijana aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1990, akizungusha kitufe kutafuta chaneli ya 36, leo ana zaidi ya sitini. Nendeni mkawahoji mafundi hao sasa.